Kijito cha Cadorette na Kura Kumi na Moja

Jumamosi, 1 Oktoba

Karamu ya kuku kwenye ukumbi wa kanisa. Viazi vimeshatoka ardhini, shule zimefunguliwa tena baada ya mavuno, kila mtu ana mgongo unaouma na njaa ya mwezi mzima. Wagombea wote wawili wakaja. Wangethubutu kukosa! Tangu mwaka 1974 hakuna aliyepata kiti cha eneobunge letu bila kula ukumbini humu. Na tangu mwaka 1974 sisi wa Sainte-Odile tunawalisha watu wa Harrow, tunawaoshea sahani, kisha wanakwenda zao kutushinda.

Jiografia, basi. Harrow iko kusini, mashamba tambarare, watu wanaoamka mapema na kupiga kura kabla ya chai. Sisi tuko kaskazini, tumebanwa kati ya mto na msitu, na tunagombana wenyewe kwa wenyewe hata kabla ya kufika kituoni. Katikati kuna kilomita arobaini za misonobari na ile Ploti ya Kumi na Moja, wapiga kura kumi na tisa wasiosalimiana. Ukiutazama mchoro wa eneobunge lote utadhani ni soksi iliyotafunwa na mbwa.

Tuliwashinda mara moja tu, 1986. Mgombea wao alizisifu chapati zetu za ployes mbele ya padri mwenyewe, kisha mpishi wa padri akazikuta tatu ndani ya chombo cha maua, miguuni pa Bikira Maria. Alianguka kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Mtu wetu aliyeshinda alikaa bungeni miaka miwili, hakufungua mdomo, akarudi kufuga nyuki.

Wa safari hii, Thurlow Crandall, alikula ployes nne. Nilimhesabia. Alipoona namkodolea macho alicheka, akaniambia nikague na mifuko ya koti lake nikitaka. Babu yake alikuwa mbunge, baba yake alikuwa mbunge, na yeye ana uso wa mtu aliyezaliwa akiwa ameshaapishwa. Shida yake ni adabu. Nataka nimchukie na hanisaidii hata kidogo.

Mtu wetu ni Rolande Gendreau. Rolande wangu! Tuko pamoja tangu darasa la kwanza, sista aliponihamishia kwenye dawati lake eti nimtulize. Anaendesha gari la wagonjwa la mji, kwa hiyo alichelewa, akala amesimama, mchuzi ukamdondokea kwenye koti la kazi. Hii ni mara yake ya tatu kugombea. Hoja yake ni moja kila mara: daraja letu. Jimbo linataka kulifunga. Likifungwa, mgonjwa wa kwetu atazungushwa kilomita hamsini na mbili kufika hospitali, na Rolande anasema yeye ndiye atakayekuwa kwenye usukani huku mtu anakata roho nyuma yake. Akilisema hilo hata watu wa Harrow huacha kutafuna.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimemaliza orodha. Baada ya sensa wakubwa wa Augusta, mji mkuu wa jimbo, wamechora mipaka upya, na safari hii wametukata kipande. Nyumba zote za magharibi ya Kijito cha Cadorette zinahamia eneobunge la jirani. Sisi wa mashariki tunabaki. Mimi, karani wa mji, ndiye wa kuamua nani yuko upande gani na nani apewe karatasi ipi.

Wameleta ramani ndefu ndani ya bomba la plastiki. Sijalifungua. Ramani ya nini! Nimezaliwa hapa, nimeanguka ndani ya kijito hicho nikiwa na gauni la komunyo ya kwanza. Nilikaa na kahawa, nikafumba macho, nikapita nyumba baada ya nyumba kichwani. Kwa muda wa saa mbili tu, kazi imekwisha.

Miaka ishirini na miwili sijawahi kukosea hata jina moja. Karani wa Harrow yeye aliwahi kusahau bunda zima la kura chini ya trei ya donati. Naliandika hili kwa sababu linanifurahisha.

Jumanne, 8 Novemba

Uchaguzi. Tumepiga kambi kituo cha zimamoto, gari la moto limetolewa nje, linanyeshewa mvua ya barafu. Watu wamejaa tangu asubuhi, nusu yao na makoti ya rangi ya chungwa, wanatoka kuwinda. Normand, mume wangu, amepiga kura akiwa na damu ya kulungu kwenye mkono wa shati. Nimemwambia asiiguse meza.

Armand wa Barabara ya Kokoto kaja kuniuliza mkewe kampigia nani. Nikamjibu kura ni siri. Akasema hana haja na siri, anataka tu kujua ili apige kinyume. Huyu na mkewe wamekuwa wakifutiana kura tangu 1979. Wangebaki nyumbani wote wawili na kucheza karata.

Jumatano, 9 Novemba

TUMESHINDA. Kwa kura nne!

Rolande 2,214. Crandall 2,210. Nimeziandika mara tatu na kila mara zinatoka zilezile. Harrow walitupiga kwao kama kawaida, sisi tukawapiga kwetu kuliko kawaida, na ile Ploti ya Kumi na Moja wakagawana tisa kwa tisa. Wa kumi na tisa alichora samaki.

Rolande alinipigia simu asubuhi hii, akawa analia tu. Nami nikalia. Normand akaingia, akatukuta hivyo, mimi huku na simu kule, akauliza nani kafa. Furaha hii sikuwahi kuipata hata siku ya harusi yangu, na Normand nimemwambia hivyo, akasema hata yeye.

Tofauti ni ndogo, kwa hiyo lazima kura zihesabiwe upya Augusta. Wazihesabu tu. Kwangu hawatapata kitu.

Jumatatu, 14 Novemba

Lucille Pinette kaja ofisini amenuna. Anaishi Barabara ya Kokoto, nyumba ya pili. Alikuwa na mfuko mzima wa vipeperushi vya uchaguzi, akaumimina mezani kwangu. Lalamiko lake: mwezi mzima ameletewa picha za mgombea asiyemjua, bwana mmoja mwenye meno meupe mno, wa eneobunge la jirani. Wa kwetu hata mmoja hakumwandikia. Rolande mwenyewe, anayempita kila siku, hakumletea hata kikaratasi cha kuwashia jiko.

Nikamwambia ni kompyuta za watu wa mbali, hazijui mashariki wala magharibi. Akasema, "Basi ziambie, Jeannine. Mimi ni mtu wa huku."

Alipoondoka nikavitazama vile vipeperushi. Kuna anwani yake, kuna ya Armand, majirani wamempa na vyao avilete. Kompyuta ikikosea mtu mmoja, sawa. Barabara nzima?

Nikalifungua lile bomba.

Nimekaa na ramani mpaka kahawa ikapoa, nikatengeneza nyingine, nayo ikapoa. Kwenye ramani yao Kijito cha Cadorette kinapita mashariki ya Barabara ya Kokoto. MASHARIKI. Mimi nakijua kinapita magharibi, nyuma ya shimo la kokoto. Ama mimi ni mwendawazimu, ama mchoraji.

Jumatano, 16 Novemba

Si mwendawazimu, si mchoraji. Ni beva, wale panya wakubwa wa mtoni wanaoangusha miti kwa meno.

Nilikwenda mwenyewe, na mabuti ya mpira ya Normand na koti la chungwa nisije nikapigwa risasi. Kijito kiko magharibi, nilikokiweka. Lakini nikavuka barabara, nikaingia vichakani upande wa mashariki, na pale nikapata mfereji mkavu, mpana, mawe ya mviringo chini, vichaka vimeota katikati. Mkondo wa zamani wa kijito. Nikakumbuka palepale. Masika ya 2009 beva walijenga boma lao la miti la kuziba maji juu kule, maji yakajaa, yakapasua upande wa pili, na kijito kikahama na virago vyake. Sote tuliona. Tulilalamika wiki mbili, kisha tukazoea. Miaka kumi na tatu tunakiita kijito palipo na maji. Tungekiita wapi kwingine?

Sheria inafuata mstari wa ramani. Sikuhitaji kumuuliza mtu, imeandikwa chini ya ramani kwa herufi ambazo hata bila miwani nimezisoma. Mgeni yeyote kutoka Augusta, asiyemjua hata paka wa hapa, angeipanga orodha hii sawasawa. Ni mimi tu ningeweza kuikosea.

Nyumba sita. Wapiga kura kumi na mmoja. Niliwapa karatasi isiyo yao, kwa mkono wangu, nikawatakia siku njema.

Wakati wa kurudi barafu ya kijito ikanipasukia, nikazama mpaka magotini.

Normand nilimwambia, lazima nimwambie mtu. Alinivua mabuti, akanikandamiza miguu kwenye taulo, akafikiri. Mji umekuwa ukimwomba awatege beva hao tangu 2007 na kila mwaka amesema mwaka ujao. Hatimaye akatamka: "Beva hawakuuliza mtu, na wewe usimwambie mtu." Kisha akala sahani mbili za kitoweo. Mimi sikula.

Alhamisi, 17 Novemba

Hesabu, kwa kuwa siwezi kulala bila kuifanya na siwezi kulala nikiifanya. Barabara ya Kokoto naijua inavyopiga kura kuliko ninavyoijua kolesteroli yangu. Kumi kwa Rolande. Mmoja, Armand, kwa Crandall. Waondoe wote, Rolande anapoteza tisa zaidi ya Crandall. Ushindi wa kura nne unageuka kushindwa kwa tano.

Lakini huwezi kuwaondoa. Karatasi haina jina, zimeshachanganyika sandukuni. Kwa hiyo labda uchaguzi urudiwe. Labda bunge lenyewe liamue. Labda lisitokee lolote, maana hakuna ajuaye isipokuwa mimi, Normand na wale wanyama.

Na daraja? Nikifunga mdomo daraja lina mtu wa kulipigania. Nikiufungua, sijui. Nani kaumia? Watu kumi na mmoja wamempigia jirani yao kura. Ungemweleza mtoto angesema hakuna kosa hapo.

Najitetea vizuri. Ningekuwa wakili ningejiachilia huru.

Jumamosi, 19 Novemba

Kwa Rolande, keki. Wameandika "Mheshimiwa" kwa krimu, ikakosa nafasi, herufi za mwisho zimeshuka ukingoni. Watu thelathini jikoni mwake. Lucille yumo, Armand yumo, mkewe yumo. Wapiga kura wangu haramu wote wanatafuna keki!

Rolande alinivuta mpaka chumba cha kufulia, akafunga mlango. Amenunua suti ya bluu ya kuapishwa, akataka nione. Akaniambia jambo ambalo afadhali asingeniambia. Kwamba mara mbili zile aliposhindwa, watu walimwambia aliibiwa, na yeye akawajibu haiwezekani, kwa sababu Jeannine ndiye karani. Kwamba ndiyo maana hata kushindwa kulivumilika.

Nikamwambia suti inambana mabegani. Haimbani. Inamkaa kama amezaliwa nayo.

Jumatatu, 21 Novemba

Safari ya Augusta, mwendo wa saa tano kwa gari. Ofisi ya uchaguzi imeniita nije na daftari la wapiga kura, kuna bahasha moja ya kura za barua haioani na hesabu yao. Rolande alitaka tupande gari moja, kaandaa na themosi ya kahawa. Nikamwambia karani hapandi gari la mgombea. Ni kweli kabisa, na ni mara ya kwanza kweli inanisaidia kusema uongo. Alinuna kidogo. Nikaendesha nyuma yake njia nzima nikitazama taa zake.

Ramani iko kiti cha nyuma. Sijui nimeibeba ya nini.

Jumanne, 22 Novemba

Augusta. Benchi ya korido, mbele ya mashine ya soda. Naandikia juu ya goti, mwandiko huu hata mimi nitashindwa kuusoma.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi wamehesabu. Meza ndefu, makundi ya hamsini hamsini, mtu wa huku na mtu wa kule wanaitazama kila karatasi. Bahasha yangu ilieleweka dakika tano tu. Kura moja ya Harrow ilikuwa imekunjwa ndani ya nyingine, ni ya Crandall. Kura ya samaki wakaibishania nusu saa, wakakubaliana ni samaki. Rolande anaongoza kwa kura tatu.

Crandall akaletewa fomu ya kukubali matokeo. Akisaini, yamekwisha.

Wakili wa Crandall ni msichana mwenye laptopu na macho makali. Akamwambia bosi wake asiharakishe. Mpaka wa Sainte-Odile ni mpya, akasema, inafaa orodha ya mji ilinganishwe na ramani, ni kazi ya nusu saa. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwao. Nikafikiri: basi, wataiona wenyewe, si mimi niliyesema. Nilifurahi! Naapa, sekunde ile nilifurahi.

Crandall akatikisa kichwa.

"Orodha hiyo imepangwa na Jeannine," akamwambia. "Akisema mtu yuko upande huu wa kijito, yuko upande huu. Mimi siendi kumchunguza Jeannine."

Hakusema kwa kunikejeli. Hakujua hata kama nasikia. Akajipapasa mifukoni, hana kalamu. Akageuka, akaniona, akaniomba mimi.

Nilikuwa nayo mkononi. Nikaishika tu, yeye amenyoosha mkono, mimi nimeishika.

"Usisaini, Thurlow," nikasema. "Nilipanga kwa kichwa tu. Ramani sikuifungua."

Rolande akacheka. Alidhani namtania. Alicheka peke yake kwenye chumba kile chote, kisha akaacha, na sitaki kuandika uso wake ulivyokuwa.

Nikaeleza. Kijito, boma, 2009, nyumba sita, watu kumi na mmoja. Ni mkutano wa kwanza wa maofisa ambao nimetaja beva mara tisa. Afisa mmoja ameandika neno hilo kwenye fomu ya serikali na kulipigia mstari. Msichana wa laptopu alikuwa anachapa kwa vidole vyote kumi. Crandall alikaa chini. Aliniuliza swali moja tu, nimejua lini. Nikasema Jumatano. Akamtazama Rolande, akanitazama mimi, akasema tangu Jumatano ni siku nyingi kwa mtu kukaa na kitu hicho peke yake. Adabu tena!

Wametutoa nje. Wanawapigia simu wanasheria. Hakuna ajuaye kitakachofuata, hata wao. Crandall amepita hapa akielekea msalani, ameinama kidogo aliponifikia, hakusimama.

Mlango umefunguliwa. Rolande. Ana koti mkononi na ile suti ya bluu mwilini, aliivaa leo ili imletee bahati. Ametazama upande wa kutokea, ametazama upande wangu. Anakuja huku.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi yake nayajua yote, nusu nilimfundisha mimi. Hajatukana. Amekaa benchi hii hii, mwisho kabisa, ameacha nafasi ya watu wawili kati yetu, na mikono ameiweka magotini.

Naandika ili nisiinue kichwa.